Maktaba Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Scolastica hakuwa mtu wa kuficha dharau yake. Wengine wakimdharau mtu husubiri apite ndipo wabetue midomo. Yeye alikukazia macho mchana kweupe, akakupima kuanzia ndala mpaka kofia, halafu akaendelea na shughuli zake kana kwamba aliyesimama mbele yake ni kiti. Alizaliwa upande wa Mahenge, binti wa katekista aliyekuwa mkali kuliko paroko, akavuka mto kuja Ifakara kuolewa na Hermenegildi, fundi baiskeli, mwanamume mpole aliyegundua mapema kwamba nyumba yenye Scolastica haihitaji msemaji wa pili. Mtaani walimwita Mama Hilary, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alifundisha shule ya msingi miaka kumi na miwili, akagombana na walimu wakuu watatu, na ukimsikiliza yeye, wote watatu walikuwa mbumbumbu. Huenda walikuwa kweli. Shida ya Mama Hilary haikuwa kukosea. Mara nyingi sana alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomharibu.

Mwaka 1992 mji ukaamua kuwa na maktaba. Kulikuwa na marafiki wa ng'ambo waliosema wataleta saruji, mabati na vitabu, ilimradi wananchi watoe matofali na nguvu zao. Wakatoa. Kila kaya matofali thelathini, tena ya kuchoma, siyo yale mabichi ya kuyeyuka na mvua ya kwanza. Watu waliyabeba kwa baiskeli kutoka Mlabani na Katindiuka, wengine kichwani, na asiyekuwa na tofali alileta mchanga wa mtoni. Scolastica, aliyekuwa ameshachoka na walimu wakuu, akaomba kazi ya kuitunza, akapelekwa Dar es Salaam kwa kozi ya miezi sita, akarudi na cheti, muhuri, na msimamo kwamba sasa Ifakara ina mtu mmoja anayejua kitabu kinakaa wapi na kwa nini. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Vitabu vilifika Desemba, lori zima, maboksi sitini na nane. Miongoni mwa waliojitokeza kupakua alikuwa Violeth, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akiuza vitumbua kando ya barabara, mkabala na mlango wa maktaba. Violeth alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, akafeli Biolojia na Kemia. Siyo kwa ujinga, bali kwa sababu shule yao ilikuwa na kitabu kimoja cha Biolojia, na mwalimu alipohama alihama nacho. Alitaka uuguzi. Chuo kilidai afaulu masomo hayo mawili, na kilidai mtu asiyezidi miaka ishirini na mitano. Mpango wake ulikuwa mwepesi: arisiti mtihani, afaulu, aende. Alichokosa ni vitabu, na sasa vitabu vimekuja vyenyewe mpaka mbele ya jiko lake.

Boksi moja lilipasuka wakati wa kushusha. Violeth akainama, akaokota kitabu kikubwa chenye jalada la kijani.

"Mama Hilary, hebu ona! Moyo huu hapa, na mishipa yake yote, kwa rangi!"

"Weka chini, una mafuta mikononi," Scolastica alisema, lakini alikuwa anatabasamu, jambo ambalo kwa mwaka alilifanya mara tatu. "Tukifungua tu, wewe ndiye msomaji wangu namba moja. Kadi yako nitaiandika kwa mkono wangu mwenyewe."

Alifanya kazi siku arobaini, peke yake, kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Alipiga muhuri vitabu elfu tatu mia moja na kumi na vinne. Vilikuwemo vituko, sikatai. Vilikuwemo vitatu vya kufundisha namna ya kumfunika farasi wakati wa theluji, na kimoja cha sheria za kodi za nchi ambayo hata kwenye ramani huioni bila miwani. Lakini vilikuwemo pia vya kilimo cha mpunga, vya hadithi, vya afya, na rafu mbili nzima za vitabu vya sekondari, vipya, vinanukia wino. Scolastica alivipanga kwenye rafu za mninga zilizochongwa na mafundi wa hapa hapa, akasimama katikati ya chumba, akashika kiuno. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikosa la kulalamikia.

Ndipo ikaja Kamati.

Jamani, kamati! Bonde la Kilombero lina mbu wake, lina viboko wake, lina mafuriko yake, lakini hakuna kilichowahi kutunyonya kama kamati. Hii iliitwa Kamati ya Uzinduzi, ilikuwa na wajumbe tisa, na mwenyekiti wake alikuwa Bwana Raimundi, meneja mstaafu wa ghala la mpunga, mwenye kitambi cha heshima na peni mbili mfukoni, moja ya kuandikia na nyingine ya kuonekana. Walifika Januari, wakakaa kwenye meza ya wasomaji, wakaagiza soda, na Bwana Raimundi akatoa tamko.

"Mama Hilary, hongera kwa kazi. Sasa, maktaba isifunguliwe kwa mtu yeyote mpaka ifunguliwe rasmi."

"Watu wameuliza kuanzia Jumatatu iliyopita, Mzee."

"Itifaki, Mama Hilary! Mgeni rasmi atazindua nini kama watu wameshachezea vitu? Utamkaribisha mtu kwenye sahani iliyolambwa?" Akaelekeza peni kwenye rafu. "Zifunikwe. Kitambaa cheupe, utepe mwekundu. Mgeni rasmi akate utepe, kitambaa kianguke, wananchi washangilie. Na mtu asifunue mpaka siku hiyo. Atakayefunua atakuwa ameidharau Kamati, na ajira yake imekwisha."

Kitambaa kilitoka kwa Mwinyimvua, mwenye duka la nguo pale sokoni, naye alikuwa mjumbe. Mzee wa watu ndiye pekee aliyeuliza, "Jamani, na vitabu havitaki hewa?" Wenzake wakacheka, wakampongeza kwa utani mzuri, wakaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba mjumbe alichekesha. Rafu zikafunikwa toka juu mpaka chini, kama maiti, kitambaa kikashonwa kwenye pembe kwa sindano ya magunia, na utepe ukazungushwa juu yake. Tarehe ilipangwa: ishirini Machi, 1993.

Violeth alikuja siku ya pili yake, amefunga khanga, amenawa mikono mpaka viwiko.

"Shikamoo Mama Hilary."

"Marahaba. Umesikia?"

"Nimesikia. Nikasema labda nikiazima kimoja tu, kile cha kijani. Mtihani ni Novemba."

"Wee, unataka nifukuzwe mwezi wa kwanza? Subiri Machi. Machi si mbali. Wajinga hawa watakata kitepe chao, watakula, wataondoka, halafu mimi na wewe tutaanza kazi."

Ikafika Machi. Mgeni rasmi alitoka Morogoro alfajiri, na hilo tulilijua kwa simu. Ifakara ilijipanga kuanzia saa tatu: kwaya, ngoma, watoto wa shule wenye bendera za karatasi, na Fundi Yoramu, mwashi wetu, na jiwe lake la saruji lililochorwa jina la mheshimiwa kwa herufi ndefu kama vidole. Saa sita. Saa nane. Kwaya iliimba nyimbo zake zote, ikarudia, ikaanza za Krismasi. Saa kumi ndipo akaja mtu kwa pikipiki na habari. Mgeni rasmi alifika mpaka Mkula, na pale Mkula, kumbe, nao walikuwa wamejenga choo cha shule, nao walikuwa na utepe wao, nao walikuwa na mbuzi. Wakamsimamisha barabarani kwa vigelegele. Akakata utepe wa choo, akahutubia, akala mbuzi, akatazama saa, akaona jua linakwenda, akageuza gari.

Scolastica alicheka mpaka akafuta machozi. Kamati haikucheka. Kamati ilisema chakula kisiharibike, ikaingia ndani ya maktaba kwa sababu ya jua, ikala ubwabwa na kuku juu ya meza ya wasomaji, na jioni Scolastica akafagia mifupa. Hao ndio wasomaji wetu wa kwanza.

Mwaka uliofuata mgeni alipangiwa tena, akahamishwa mkoa wiki mbili kabla. Akaja mwingine, jina lingine, jiwe lingine. Lile la kwanza Bwana Raimundi alilipeleka nyumbani kwake, na mkewe akaligeuza la kufulia. Kila Jumamosi soksi za mwenyekiti zilipigwa juu ya "Mheshimiwa". Mgeni wa pili naye akapata safari. Utepe ukapauka, wakanunua mwingine. Mwaka 1995 ukaja uchaguzi wa vyama vingi, na wagombea wa kila rangi wakasimama mbele ya mlango ule ule wakaapa kwamba wakipata, kazi ya kwanza ni kuifungua maktaba. Waliopata walipata, waliokosa walikosa, na mlango ukabaki vile vile. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hawakumwona mgeni wetu.

Na Kamati? Kamati ilikutana. Miaka mitano ilikutana, kila robo mwaka, ndani ya maktaba, kwa sababu palikuwa na kivuli na viti. Ndio watu pekee waliokuwa wakiingia mle, na katika watu tisa hao sijui kama watatu walikuwa wamewahi kumaliza kitabu kisichokuwa cha hesabu za ghala.

Scolastica alifika kazini kila siku, akafungua mlango, akakaa kwenye meza yake akiwa ameipa mgongo ile sanda nyeupe, akashona vitambaa vya makochi. Watu wakiuliza, aliwajibu. Alikuwa na majibu matamu, watu wakapenda kupita kumsikiliza. "Maktaba? Maktaba ipo, inasubiri baraka za tumbo la Raimundi." "Vitabu? Vimevaa shela, vinangoja bwana harusi, na bwana harusi ameoa choo Mkula." Mji mzima ulicheka. Alimwiga Raimundi anavyotembea, alimwiga anavyosema itifaki, na hata wajumbe wenyewe walimwogopa. Mwanzoni nilisema alikuwa na kazi ya kutunza vitabu. Sasa kazi yake ilikuwa kuitunza hasira, na aliitunza vizuri, haikupata vumbi hata siku moja.

Hermenegildi, yule mume mpole, alimwuliza jioni moja wakila. "Mke wangu, si ungefunua tu upande mmoja, watu wasome, ukafunika tena?"

"Halafu wakinifukuza tutakula spoku za baiskeli?"

Kisha Scolastica akasema kile kilichokuwa moyoni hasa. "Na kwa nini niwasaidie? Wamesema visiguswe. Basi havitaguswa! Nataka siku hiyo ifike, watu wote waone upumbavu wao ulivyokomaa. Tuone nani atachoka kwanza."

Hermenegildi akarudi kwenye ugali wake.

Aliyekuwa akichoka ni Violeth. Novemba ya 1993 alifanya mtihani kwa kutumia madaftari ya kuazima, mengine yamekatwa nusu, akafeli tena yote mawili. Akaja tena mwanzoni mwa 1994.

"Mama Hilary, sitakitoa nje. Nitasoma hapa hapa, nimekaa chini, wewe unaniona. Nifunulie pembe tu."

Scolastica akamhurumia kweli. Akamkalisha, akampa maji, akamweleza kwa muda wa robo saa jinsi Raimundi alivyo punguani, na jinsi nchi isivyoweza kuendelea kwa watu wanaofikiria kwa matumbo, akamwigia na hotuba ya mwenyekiti, na Violeth akacheka bila kutaka. Kisha akamwambia asubiri, safari hii mgeni ni wa uhakika. Binti alikuja kuomba kitabu, akaondoka na vichekesho.

Alifaulu Kemia mwaka 1995 kwa vitabu vya daktari mmoja mgeni aliyekuwa amepanga Namawala, ambaye baadaye alirudi kwao. Ikabaki Biolojia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, vitumbua vyake vilikuwa bado vitamu, na kila asubuhi aliutazama mlango ule kama mtu anayetazama bomba la maji lililokauka.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mwaka 1996, masika yalipokwisha, asubuhi moja Scolastica aliinama kuokota uzi ulioanguka, akaona kitu nyuma ya rafu ya mwisho. Kutoka kwenye ufa wa sakafu ulipanda mstari wa udongo, mwembamba kama kidole cha mtoto, umejishika ukutani, ukaingia chini ya kitambaa. Hakuna mtu wa bonde hili asiyeijua mistari ile. Mtoto wa miaka sita anaijua. Ukiiona unapiga ufagio, unamwaga mafuta ya taa, unafunua, unatafuta walipo. Ni kazi ya asubuhi moja.

Akanyoosha mkono. Vidole vilishika upindo wa kitambaa, akausikia ule uzi wa gunia.

Akauacha.

"Ah-ah," alisema kwa sauti, peke yake mle ndani. "Wamesema visiguswe."

Akakaa, akachukua karatasi na kaboni, akaandika barua kwa mwandiko wake wa kialimu. "Yah: Dalili za mchwa ndani ya maktaba. Naomba kibali cha Kamati ili nifunue kitambaa na kuchukua hatua." Akaweka tarehe, akapiga muhuri, nakala akaiweka kwenye jalada. Kamati ilikutana mwezi uliofuata. Ikajadili suala la mchwa kwa dakika nne na suala la sare za wajumbe kwa saa mbili. Jibu likaja: barua yako imepokelewa, suala litaangaliwa baada ya uzinduzi, kwa kuwa mgeni rasmi ametoa tarehe. Scolastica aliisoma, akachekelea. Wameingia mtegoni! Wameandika wenyewe, na saini! Akaiambatanisha na nakala yake kwa pini, akaifungia kwenye droo, na usiku ule alilala usingizi mzito kama mtu aliyevuna.

Mara kadhaa baadaye aliusikia ule mchakacho mdogo, ukikaa kimya unausikia, kama mtu anasugua mchele mkavu kwa vidole. Akaendelea kushona.

Katikati ya mwaka 1997 Violeth alikuja mara ya mwisho. Hakukaa.

"Mama Hilary, Novemba hii ndiyo ya mwisho kwangu. Mwakani natimiza ishirini na mitano, mwaka wa mbele yake chuo hawatanichukua. Naomba."

Pale, nafikiri, Scolastica aliyumba. Alitazama kitambaa, akamtazama binti. Lakini akifunua sasa, kitaonekana nini mle ndani, na atakayelaumiwa nani? Barua yake ilikuwa inangoja siku yake. Akasema, "Septemba, mwanangu. Safari hii wameshapika mpaka bajeti ya kuku. Septemba."

Septemba mgeni akaugua. Novemba ikaja ile mvua ambayo kila mtu anaikumbuka, barabara ya Kidatu ikakatika, mashamba yakawa bahari. Violeth alivua viatu akavuka maji kwenda kwenye chumba cha mtihani. Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, Biolojia ilikuwa imekosekana kwa kidogo sana. Hakulia hadharani. Siku ile aliuza vitumbua kama kawaida.

Julai 1998, Mungu si Athumani, mgeni rasmi akafika. Wa nne kwa hesabu, jiwe la nne. Mkula walikuwa wamezuiwa mapema kwa barua kali. Kwaya hiyo hapo, imezeeka. Waliokuwa watoto wa bendera walikuwa sasa na ndevu. Bwana Raimundi alivaa suti ya sare, kitambi kimemtangulia, na mgeni akaingizwa ndani na watu wakajaa mpaka madirishani. Akapewa mkasi juu ya sahani. Akakata. Kitambaa kikaanguka.

Vitabu vilikuwa pale! Vimesimama safu kwa safu, migongo imenyooka, namba za Scolastica zinasomeka. Watu wakapiga vigelegele. Hata Scolastica, nyuma ya meza yake, moyo ulimruka. Akadhani labda mchwa walikwenda zao.

Mgeni akafurahi, akanyoosha mkono kwenye rafu ya sekondari, akavuta kimoja chenye mgongo wa kijani. Mgongo ukaja. Kitabu hakikuja. Kilichokuja ni udongo, bonge la udongo mwekundu lenye umbo la kitabu, likapasuka juu ya kiatu chake cha mgeni rasmi, na mchwa weupe wakatawanyika kwenye soksi. Akavuta kingine. Udongo. Cha tatu, udongo na kipande cha ukurasa chenye nusu ya figo. Rafu za mninga zilikuwa nzima, maana mchwa hawaupendi mninga. Walichagua. Mchwa wa Ifakara wana akili kuliko Kamati.

Kisha mgeni rasmi, mtu mzoefu wa mambo haya, akakung'uta kiatu, akatoa hotuba mfukoni, akasoma yote kama ilivyochapwa: kwamba amefurahishwa na hazina hii ya maarifa, na kwamba wana-Ifakara waitunze iwafae watoto na wajukuu. Na watu, Mungu atusamehe, wakapiga makofi.

"Huu ni uzembe wa mtumishi!" Bwana Raimundi alipaza sauti, jasho linamtiririka. "Mama Hilary, ulikuwa wapi?"

Ndiyo sekunde aliyoingoja. Akavuta droo, akatoa barua mbili zilizobanwa kwa pini, akazisoma mbele ya mgeni, mbele ya kwaya, mbele ya mji, tarehe kwa tarehe, mpaka saini ya mwenyekiti. Akasoma kwa sauti ya darasani. Watu walianza kuguna, kisha kucheka, kisha kuzomea, na Bwana Raimundi akapungua ndani ya suti yake mpaka mabega yakalegea. Mgeni rasmi akamtazama akasema, "Kumbe ulijulishwa?" na akatoka nje. Wanawake walimbeba Scolastica juu. "Mama Hilary huyo! Mwanamke wa shoka!" Haijawahi kutokea Ifakara mtu akashinda namna ile. Alishushwa amelegea kwa furaha, khanga imemteleza, akirudia kwa kila aliyemsogelea: "Niliwaambia! Si niliwaambia?"

Watu wakatoka kwenda kwenye ubwabwa. Akabaki ndani, amekaa kwenye kiti chake, anajipepea kwa barua. Violeth akaingia. Alikuwa ameajiriwa siku ile kupika vitumbua vya chai ya mgeni, na alikuja kuchukua beseni. Akasimama mbele ya rafu ya sekondari, akachovya kidole kwenye kilichokuwa kitabu, kidole kikazama chote.

"Umeona mambo?" Scolastica akasema, bado anacheka. "Umemwona Raimundi? Kama kuku aliyenyeshewa!"

"Nimemwona." Violeth akafuta kidole kwenye khanga. "Mama Hilary, ulijua lini?"

"Mimi? Toka tisini na sita, mwezi wa sita, ishirini na nne. Imeandikwa hapa."

"Tisini na sita nilifanya mtihani. Tisini na saba nikafanya tena."

"Ndiyo nakuambia! Hawa wapumbavu wamekuharibia maisha, hawa—"

"Hawa walikuwa wanakuja kula tu, mara nne kwa mwaka. Mimi sikuwahi kuwaomba wao kitu, hata nyumba zao siendi." Hakupandisha sauti, alisema kwa adabu ile ile ya siku zote, mikono imekunjwa tumboni. "Niliyekuwa nakuja kumwomba ni wewe. Na wewe ulikuwepo kila siku."

Nyani haoni kundule, tunasema, na kwa kawaida tunasema kwa kucheka. Scolastica alifungua kinywa. Alikuwa na jibu la kila mtu katika mji ule: la mwenyekiti, la mgombea, la mwalimu mkuu, la mumewe. Alilitafuta la huyu, macho yakienda kwenye rafu, kwenye kitambaa sakafuni, kwenye mikono yake mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, akaziweka barua juu ya meza.

Violeth alimngoja kidogo, kwa heshima, kama anavyongojwa mkubwa anapotaka kusema. Kisha akajitwika beseni, akasema, "Haya, Mama, nawahi chai isipoe," akatoka, akapita katikati ya wanakamati waliokuwa wakigombea mapaja ya kuku.